Nani Awe Karani Pazi

Gasto, aliyezoea kupiga picha za harusi Sinza,
kapata mfadhili, anataka filamu ya kitabu chetu.
Kitabu chetu, nasema, kana kwamba tulikiandika;
nilikinunua tu Mtaa wa Lumumba, chini, juu ya gunia,
hakina jalada, hakina jina la mwenyewe,
nikamsomea Zamoyoni umeme ulipokatika
usiku kumi na mmoja mfululizo.

Sasa tumekaa kibandani kwa Mama Eliza, Magomeni,
chipsi zinapoa, tunagawa sura.

Yule wa tamthilia ya saa tatu, asema Zamoyoni.
Sauti anayo, mabega anayo.
Yule? Yule analia kama bomba lililopasuka Tandale,
wiki nzima na fundi haji.
Pazi alilia mara moja tu, ukurasa wa mia na tisa,
na hata hapo imeandikwa: alifuta miwani.

Basi Machejo, nasema.
Machejo mchekeshaji!
Zamoyoni anachomeka kijiti kwenye chipsi, anakiacha humo.
Wewe humjui Pazi.
Mtu aliyeandika hukumu za Kisutu miaka ishirini na saba
kwa mwandiko usiotetemeka,
akabadilisha neno moja, moja tu,
"alichukua" badala ya "aliiba",
kijana wa watu akarudi kwa mama yake,
huyo umpe mtu wa kuangukia ndoo?

Lakini nilimwona Machejo siku hachekeshi.
Benki, foleni ya tatu,
anakunja risiti mara mbili, mara nne,
anaitia mfuko wa shati kama anayelaza mtoto.
Ule mkono.
Ule mkono ungeshika kalamu.

Zamoyoni hataki mkono, anataka urefu.
Pazi mrefu, asema, anainama mlangoni.
Pazi mfupi, anapanda kigoda kufikia mafaili.
Mweusi tii. Maji ya kunde.
Ana ndevu. Ndevu gani, hana hata kidevu cha kuziotesha!
Mama Eliza anauliza huyo ni mchumba wa nani kati yetu.

Tukakifungua kitabu palepale, vidole vina mafuta.
Viatu vyake vipo, vya kuazima.
Kikohozi kipo. Kipo na kile kikombe chenye ufa
anachokigeuza ili ufa usimtazame mgeni.
Uso haupo.
Thelathini na tisa, arobaini,
kisha arobaini na tatu.
Katikati tundu, kingo zake kama ramani ya kisiwa;
vumbi jekundu likadondoka kwenye kachumbari.

Kumbe miaka yote hii
walioiona sura ya Pazi ni mchwa tu.

Zamoyoni alicheka mpaka akapaliwa.
Akanywa maji. Akanyamaza.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayekubali kuuza shamba la urithi:
Mwambie Gasto amchukue huyo Machejo wako.
Ila asimpige sana usoni.

Nikashika simu, nisiandike kitu.
Meza ya pili mwanamume alikuwa anahesabu chenji,
noti juu ya noti, pembe kwa pembe,
akaziweka mfukoni, akafuta miwani kwa ncha ya shati,
akasimama: mrefu.
Akainama kupita chini ya turubai.

Nami niliyeapa kwamba ni mfupi
nikamsindikiza kwa macho hadi Mapipa.