Arubuni

Dola elfu mbili, kabla ya saa sita usiku wa Ijumaa,
na hazirudi.
Ndivyo zilivyosema barua zote mbili,
kana kwamba zimeandikwa na mtu mmoja
mwenye haraka ya kwenda kula.

Mshika mbili, wahenga walisema, moja humponyoka.
Hawakusema ni ipi,
wala mkono utakaobaki mtupu
utawasha kwa muda gani.

Iowa: matofali mekundu, ngazi zinazolia,
kiunzi cha mifupa ya binadamu kilichopoteza kidole gumba cha mguu
wakati wa vita, hakuna ajuaye vita gani.
Dakta Twyla Ness, miaka sabini na mbili, raba miguuni,
alinilaza kwenye kitanda cha mafunzo,
akapenyeza kiganja chini ya bega langu
akanyamaza
kama asikilizaye ukutani ugomvi wa jirani.
Kisha: "Ulianguka ukiwa mdogo. Upande huu."
Nilikuwa na miaka tisa. Lori la viazisukari.
Sikumwambia mtu, hata mama.

Arizona: vioo, saruji mpya,
kivuli adimu kuliko mahali pa kuegesha gari.
Hakuna aliyenigusa.
Lakini kliniki yao hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi,
na saa kumi na moja foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta:
wachuma letusi, kila mmoja kashika kiuno chake
kama mtu anavyoshikilia mlango usiofunga vizuri.
Lorencita Begaye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
alikuwa anakula mkate akiwa wima.
Nikamuuliza kama anapapenda.
"Jumatano huwa nalia," akasema, "ndani ya gari. Alhamisi narudi."
Na hao ndio walionipunguzia nusu ya ada.

Jumatatu baba akasema atauza ekari kumi za kando ya mto
ili niende Iowa.
Alisema huku akitazama kikombe.
Baba yangu, Verlyn Halvorsen, asiyeweza kuinama kufunga kamba za viatu,
anayetuita sisi tunaoutaka udaktari wa osteopathi
"wakandaji wenye majoho,"
alinipa ekari kumi kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.

Usiku ule nilimwomba avue koti.
Niliweka kiganja pale chini, pembeni mwa uti,
nikafumba macho, nikangoja mfupa useme.
Nilichopata ni fulana yenye unyevu,
na harufu ya dizeli.
"Unasikia nini?"
"Bado sijui kusikia."
"Basi utoe. Mkono wako baridi."

Nikamwandikia Dakta Ness: ulijuaje?
Jibu likaja Alhamisi, mistari miwili:
"Nusu mkono, nusu kubahatisha.
Watoto wa shamba wote wameanguka, mwanangu."

Nilicheka mpaka mbwa akaamka.
Nikampenda kuliko nilivyompenda siku ile kitandani,
na papo hapo nikajua kwamba siendi kwake.
Usinitake nieleze.
Labda mkono wa kubahatisha
unahitaji migongo mingi ya kubahatishia,
na migongo nimeiona ilipo,
imejipanga kabla ya jua.
Labda ni zile ekari tu,
zenye barafu bado pembezoni,
anazozivuka baba polepole, wima,
kama aliyebeba beseni lililojaa pomoni.

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini usiku,
nikabonyeza.
Bega liliuma kidogo, upande ule ule.
Au nilibahatisha.