Pumzi ya Upande Huu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hapa Goma, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
muuguzi Kahindo ameipindua methali:
mgeni usije.

Nimenawa hadi viwikoni, mara tatu.
Vumbi jeusi la volkano halitoki kwenye kucha.
Miaka ishirini nachonga chukudu,
vibanzi vimejaa viganjani kuliko mistari.
"Baba Masika, wewe simama hapo."
Nasimama.

Shangazi yake alileta maua, yakarudishwa.
Marakuja nayo, na sambaza za jana,
hata blanketi la bibi lenye harufu ya nyumbani.
Kinachoingia ni kile kilichochemshwa,
kisha kikachemshwa tena.

Kila asubuhi Kahindo hubandika karatasi kiooni:
mia mbili. Mia mbili na kumi. Mia moja themanini.
Chembe nyeupe, anasema, zikifika mia tano tutazungumza.
Mimi hupima mbao kwa shubiri.
Hiki sina shubiri yake.

Leo Masika, kichwa bila unywele hata mmoja,
amechora kiooni kwa dawa ya meno
chukudu: usukani, ubao, gurudumu la nyuma.
La mbele kaniachia.

Nikashusha barakoa. Nikakipulizia kioo
pumzi yangu hii iliyokatazwa,
nikazungusha kidole upesi, ukungu usije ukakauka.

Akacheka; sikusikia.
Gurudumu likafutika.
Nikapuliza tena.