Shokesi ya Pili

Kasha lilikuja limevaa karatasi pande zote.
Nililibandua kwa ukucha, taratibu,
kama mtu anayemenya yai la moto.
Vioo vitatu. Hakuna pa kujificha.
Twaha, jirani, aliyelibeba kutoka Digo Road
hadi ghorofa yetu ya pili hapa Kibokoni,
alilitua sakafuni, akajipangusa shingo:
"Sasa hii ni kompyuta, ama ni tangi la samaki?"

Mama alikuwa dirishani akidarizi kofia ya vito.
Hakuinua uso. Aliuliza tu:
"Na matumbo yake yatakaa nde vivyo hivyo,
hayana hata leso?"

Nilianza na ubao-mama.
(Nilimwambia jina hilo. Hakucheka.)
Nilizima pangaboi vumbi lisiruke,
likadondoka jasho badala yake.
Prosesa niliilaza kitandani mwake,
pembe ya dhahabu kwa pembe ya dhahabu,
nikatia tone la uji wa kijivu, punje ya choroko,
nikashusha kipoza huku nimebana pumzi.

Kisha nyaya.
Za umeme, za feni, za taa,
nyeusi, nene, zinateleza kama mikunga.
Kasha langu la zamani lilikuwa la bati:
unasukumiza, unafunga, unakaza skrubu,
aibu yako inabaki yako.
Hili, kila fundo lina dirisha.
Nikawa nazipitisha nyuma ya ubao,
kwenye kijichumba kisicho kioo,
chenye upana wa vidole viwili.

"Kumbe lina uani," Mama akasema.
Sasa ameinua uso.

Kulipatia pa kukaa, ilibidi tusogeze shokesi,
ile yake, ya vikombe vya wageni
ambavyo tangu nizaliwe havijaonja chai.
Tulitoa birika la maua, sahani za ukingo wa dhahabu,
kikombe kimoja kimoja, tukavipanga kitandani.
Nyuma ya sahani kubwa palikuwa na bahasha:
risiti za hospitali, za mwaka ule wa Baba,
hati ya bangili iliyowekwa rehani,
na barua iliyokunjwa mara nyingi
hata mikunjo imekuwa matundu.
Sikuuliza.
Naye hakuninyang'anya. Aliishika,
akaipitisha macho kama asomaye bei,
akairudisha palepale,
akatanguliza sahani mbele yake.

"Lete hizo nyaya."

Akachomoa uzi wake mweupe wa kofia,
akafunga, akakata kwa meno, akafunga.
"Hapa panavuta. Legeza.
Uzi ukivuta, kofia hukunja uso."
Mimi nilishika tochi ya simu.
Kwa mara ya kwanza siku hiyo
mimi ndiye niliyekuwa msaidizi.

Baada ya Magharibi nikabonyeza.
Feni ilizunguka nusu, ikaghairi.
Nikabonyeza tena: kitaa kimoja chekundu
kikanitolea jicho, basi.
Nilijua ni ramu, haijaketi vizuri,
lakini mkono uliogopa, pesa ya miezi minane
imesimama wima kwenye kidude chembamba hivyo.

"Bonyeza," akasema. "Si yai hilo."

Tak.

Feni sita zikaamka pamoja.
Zambarau, kijani, waridi
vikapanda ukutani, vikapita juu ya kalenda,
vikaingia ndani ya vikombe vilivyolala kitandani.

"Hii harusi ya nani?"
"Ya mteja wangu, Mama. Ataka kadi mia mbili,
na jina la bibi harusi liwe kama kito cha kofia."

Alisogea, akainama hadi pumzi ikaacha ukungu kiooni.
Alizitazama zile nyuzi zake nyeupe, moja moja.
Kisha akazunguka nyuma, akagonga kibati kwa kidole,
pale uani, palipo na fujo yote.

"Na vumbi? Nalo litaonekana?"
"Litaonekana."
"Haya," akasema, akirudisha kikombe cha kwanza.
"Kila Alhamisi tutazipangusa zote mbili."