Sifa za Mwombaji

Tangazo lilibandikwa kwa gundi ya unga
mlangoni pa ofisi ya kata, Isevya:
awe na cheti cha mwaka mmoja,
awe na mwandiko unaosomeka,
awe na afya njema na subira.
Hawakusema subira inapimwa kwa kipimo gani.

Sista Kalekwa alitazama viganja vyangu kwanza,
cheti baadaye.
"Umewahi kumgeuza mtu mzima kitandani?"
Nikasema bibi yangu, miaka miwili, kiharusi.
"Bibi yako hakushika bunduki," akasema.
"Hapa usimguse mtu kwa nyuma.
Simama upande wa miguu, taja jina lako,
ngoja akuone. Ndipo uguse."

Hiyo haikuwamo kwenye tangazo.

Wodi ya wazee wa jeshi ina vitanda tisa.
Kila saa mbili ninawageuza,
ubavu huu, ubavu ule, kama mchoma mahindi
asiyetaka hata punje moja iungue.
Ninapima presha. Ninakata kucha
zilizokomaa kama gome la mninga.
Ninaosha mguu uliobaki,
kisha ninaosha pale ulipokomea mwingine,
polepole, kwa kitambaa cha uvuguvugu,
maana pale, anasema Koplo Lugendo,
ndipo ilipojificha baridi ya Kagera.
Dawa sigusi; dawa ni za muuguzi.
Yangu ni maji, sabuni, uji, beseni,
na daftari la zamu:
amekunywa kiasi gani, amekojoa rangi gani.

Saa nane usiku stesheni wanaunganisha mabehewa.
Chuma kwa chuma. Tabora yote imelala
isipokuwa vitanda tisa.
Mzee Kasigwa yuko chini ya chake, na shuka lake.
Nami najilaza sakafuni, umbali wa mkono,
nataja jina langu, nangoja anione.
Ni treni ya Mpanda, baba, inapakia.
"Inapakia nini?"
Karanga. Madumu ya asali. Watu wanaokwenda harusini.
Anafikiri.
"Siyo sisi?"
Siyo ninyi.

Daftari lina safu ya saa, safu ya joto, safu ya mkojo.
Hilo nililiandika pembeni, kwa penseli.

Na kila jioni, baada ya ugali wa muhogo
na nsansa anayoiacha nusu,
Koplo Lugendo huita majina.
Mchopa! Mwakisyala! Bwire! Haji wa Makunduchi!
Huita akitazama dirisha, kisha hungoja.
Wiki ya kwanza nilinyamaza, na hakulala.
Wiki ya pili nikajibu: nipo, afande,
mara nne, kwa sauti nne,
akalala kama mtoto aliyeshiba.

Sista Kalekwa alisikia.
Akanivuta hadi stoo ya mashuka.
"Mgonjwa hadanganywi. Ni kanuni."
Nikasema ndiyo, Sista.
Akakalia katoni ya sabuni, akavua kiatu kimoja,
akakandakanda unyayo wake kwa muda mrefu.
"Bwire unamwitikiaje?"
Kama wengine, nikasema.
"Bwire alikuwa na kigugumizi.
Mwitikie taratibu.
Ukimharakisha, mzee atajua siye."

Kwa hiyo siku hizi Bwire hujikwaa kidogo
kabla ya kusema yupo.

Jana Koplo aliita wote wanne, nikaitikia wote wanne.
Nikachukua beseni nikamwage.
Nilikuwa nimeshafika mlangoni.
"Nyamizi!"

Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.
Neno nililolitoa kila jioni kwa ajili ya wafu,
jepesi, la silabi mbili,
lilinikwama kooni lilipokuwa langu.

Sikugeuka upesi. Nilisikia kitanda kikilia,
treni ikipiga honi mara moja mbali, na yeye
akingoja.
Ana subira, mzee yule.