Chogo

Iko mezani Barabara ya Tisa, chumba cha nyuma,
kati ya mashine ya kukatia karatasi na feni isiyogeuka shingo.
Wenzangu wanaiita chogo,
kama tulivyomwita shuleni mtoto wa Chidumizi.
Kilo ishirini na mbili. Niliipima kwa mizani ya muuza mchele.
Ukiiwasha inapiga du! halafu inanguruma,
inakawia, kama mtu aliyeamshwa kwa jina asilolipenda,
na picha inakuja taratibu: giza, kahawia, kisha yote.

Juzi Mwaluko, mwenye duka, kaleta flati.
Kaibeba kwapani kama daftari la madeni.
"Umeme, Ndahani. Tazama luku inavyokimbia."
Ni kweli. Chogo inakula uniti kama mgeni wa msibani.
Ni kweli pia kwamba jioni macho yangu huwa mekundu
na mke wangu huuliza nimelia nini.
"Wiki moja," akasema. "Moja inabaki, moja inauzwa."

Nikaziweka bega kwa bega.
Kazi yenyewe lebo: chupa mia sita za mvinyo
wa Mama Nyemo wa Hombolo.

Kwa herufi sina ubishi.
Za flati zimenyooka, zina ncha za sindano;
za chogo, kule pembeni, zinapinda
kama matuta ya mlevi.
Lakini zabibu!
Kwenye flati, nikikaa ni zambarau,
nikisimama ni buluu ya wino,
nikiinama kuokota kalamu, damu ya mbuzi.
Rangi inayosubiri ukae vizuri ndipo iseme ukweli
nitaiapia vipi?
Chogo, uwe mlangoni, uwe umepiga magoti,
neno lake ni lile lile.

Alhamisi Mama Nyemo akaja na kichala ndani ya kitenge,
akakilaza katikati ya vioo viwili, kama shahidi.
Akatazama flati. "Hizi zimeoshwa."
Akatazama chogo, akasogea.
"Hizi ndizo zangu."
Nikavimba kichwa. Nikatamani Mwaluko angekuwepo.

Kisha nikaona.
Asubuhi ile sikuwa nimefuta kioo.
Uso wa chogo una umeme unaosimamisha vinyweleo,
unavuta vumbi; na Dodoma mwezi wa nane
vumbi halingoji kuvutwa.
Ule unga mweupe juu ya zabibu ya mtini,
ule unaotoka ukiugusa kwa kidole gumba,
haukuwa ndani ya picha yangu.
Ulikuwa upepo, umeingia kwa dirisha.

Nikapitisha kidole.
Mstari mmoja. Na ndani ya mstari ule zabibu zake
zikawa ndugu za zile za flati:
zimeoga, zinang'aa, hazina kwao.
Mama Nyemo akacheka hadi akakalia ndoo ya gundi.

Usiku ule niliupaka unga, tone kwa tone,
kwenye chogo, maana mkono wangu unaijua.
Saa tano umeme ukakatika. Nikaanza upya.
Lebo zilipotoka mashineni
zilikuwa nyeusi kidogo kuliko vioo vyote viwili.
Karatasi nayo ina ukaidi wake.
Alizipokea, akazihesabu, akalipa nusu.

Mwaluko alipouliza, nikasema flati ibaki.
Akashangaa. Nami nikashangaa.
Lakini kwa mwaka naandika herufi nyingi kuliko zabibu:
kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za kwaya,
majina ya marehemu, ambayo hayapaswi kupinda.

Chogo haikupata mnunuzi. Fundi alitaja elfu nane,
kwa ajili ya shaba iliyo shingoni.
Nikamwambia apite siku nyingine.
Iko chini ya meza, imevaa gunia la sukari,
na pale ilipokaa miaka sita
mbao ina mraba mwekundu usiowahi kuona jua.

Kazi ya rangi ikija, namwita kijana wa mchele,
tunaibeba wawili, tunahema.
Naiwasha. Nangoja iamke.
Kwanza naifuta.