Doto wa Tangi la Tisa

Kurwa ni chuma, lita elfu themanini;
hamira yake inakula sukari gizani.
Doto hana tumbo. Anaishi kwenye kioo.
Vibeke alimzaa kwa milinganyo, miezi kumi na minne,
akimlisha kumbukumbu za matangi yaliyochacha vibaya.

Saa tisa usiku, Kalundborg. Theluji inagonga mabati.
Kipimo cha oksijeni kinasema: shwari.
Doto anasema: ndugu yangu anakosa pumzi.

Palle anavua glovu,
anaweka kiganja kwenye bomba la maji ya kupoza.
"Limepata joto," anasema. Basi.

Kipimo kilikuwa kimeota utando,
kama jicho lenye mtoto,
nacho kinaapa bado kwamba kinaona.

Palle akawasha cha akiba. Doto akaachiwa usukani:
hewa ikaongezwa, sukari ikabanwa tone kwa tone,
na ile mistari miwili, wa bluu na mwekundu,
ikasogeleana polepole
kama waliogombana wanaotafuta kisingizio cha kusalimiana.

Vibeke hakushangilia. Aliandika daftarini:
leo amepatia.
Kesho nimfundishe kusema, sijui.