Jiwe Lisilo na Ukoo

Katika programu hii kila kitu kina ukoo.
Mlango una ukoo, dirisha lina ukoo,
hata bomba la sinki lina mjomba na binamu,
na wote, ukiwaita, hupanga foleni kwenye jedwali:
jina, upana, kimo, bei.
Kaunta ya Dorinda haikuitika.

Nilikuwa nimeichora tangu saa nane, mvua ya Vigo ikichapa kioo.
Nilivuta tao toka kabati la mikate hadi mlango wa jiko,
nusukipenyo milimita elfu mbili mia moja hamsini,
nikalipa unene wa vidole viwili,
nikaligeuzageuza kwenye skrini
kama mtu anayekagua tikiti kabla ya kulilipia.
Lilipendeza.
Jedwali likasema: hakuna kitu.

Mkataa kwao mtumwa, wasema.
Hili halikukataa kwao; ni mimi sikulipatia.
Nikaliandikisha upya, ukoo wa samani, tawi la kaunta,
jina D-01.
Jedwali likafumbua jicho:
urefu, 3294.

Nikatuma.
Saa kumi na mbili kasorobo Eladio Couñago akapiga simu
toka karakana yake O Porriño, msumeno ukilia nyuma yake.
"Uxía, urefu huu umepimwa na kunguru?"
"Kwa nini kunguru?"
"Karuka toka ncha hadi ncha.
Mimi jiwe nalikata kwa kutembea."

Alisema kweli. Tao lenyewe lilikuwa 3752.
Milimita mia nne hamsini na nane zilikuwa zimelala
kati ya njia ya bawa na njia ya mkono.
Na programu haikudanganya:
ilijibu swali nililouliza.

"Tena," akasema, "samaki mkunje angali mbichi,
lakini itale, ubichi wake nani aliuona?
Silikunji. Nitalikata vipande vitatu, na maungio yataonekana.
Mpe mama wa watu kaunta iliyonyooka, kama dunia nzima."

Nikamweleza habari za Hermitas,
dada yake Dorinda, mkandaji wa unga,
ambaye macho yake yanafunga polepole
kama duka linalozima taa moja moja.
Sasa anatembea kwa kiganja: ukutani, kwenye friji,
kwenye kaunta ya zamani ya mbao.
Kaunta ya zamani ina pembe mbili.
Nyonga ya Hermitas ina madoa mawili ya zambarau.

Simu ikanyamaza. Msumeno nao.
"Hilo," akasema Eladio, "umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika popote.
Nikafungua jedwali, nikaongeza safu ya mwisho,
baada ya uzito, baada ya bei: Maelezo.
Nikaandika, Mkono usikutane na kona.
Programu ikapokea bila kupepesa,
kama inavyopokea rangi ya bawaba.

Wiki ya tatu ya Novemba wanaume wanne waliliingiza jiwe,
waridi lenye chembe nyeusi, maji ya mvua juu yake.
Eladio alipitisha kidole chini ya ukingo, pasipoonekana,
akatoa msasa mfukoni, akasugua tena.

Hermitas alianzia kwenye mikate.
Kiganja kikaenda, kikaenda,
kikasimama.
"Hapa pana mshono."
Eladio akatazama viatu vyake.
Mimi nikaanza kueleza urefu wa mabamba, upana wa lori,
"Nyamaza, binti. Upo wa pili?"
Akaenda, akaupata.
"Basi wa kwanza ni mashine ya pesa, wa pili ni jiko.
Mngelifanya laini tupu, ningepotea humu ndani."

Usiku nilirudi kwenye faili.
Maungio sikuwa nimeyachora; niliyaonea aibu.
Nikayachora, mistari miwili myembamba kama unywele,
nikayapa ukoo.